Kabla Hujamuuliza Mgonjwa Kama Ameridhika

Mwongozo huu ni wako wewe mganga mfawidhi, muuguzi kiongozi wa wodi, au mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo uliyepewa kazi ya kueleza kwa nini watu wanalalamikia huduma. Huenda umeshapewa karatasi ya maswali kutoka wilayani, yenye visanduku vya kuweka tiki: ameridhika sana, ameridhika, hajaridhika. Iweke pembeni kwanza. Ukisimama nayo getini kuwauliza wanaotoka, karibu wote watakujibu kwamba huduma ni nzuri na wanashukuru, nawe utapeleka juu taarifa safi isiyokusaidia kitu.

Hili halihitaji kukisiwa, lilishapimwa. Mkoani Tanga, watafiti waliwauliza kina mama waliojifungua katika hospitali na vituo vinane kama walifokewa, kupigwa, kuachwa peke yao wakati wa uchungu au kudhalilishwa kwa namna nyingine. Walipoulizwa wakiwa wanaruhusiwa, takriban 19 kati ya 100 walisema ndiyo. Baadhi ya walioulizwa walifuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye wakaulizwa yale yale, na safari hii waliosema ndiyo walikuwa 28 kati ya 100. Uzazi ulikuwa ule ule na wakunga wale wale. Mama aliyeketi kwenye benchi la hospitali, mtoto mikononi, karatasi ya ruhusa bado haijasainiwa, hathubutu kumsema nesi ambaye mwakani huenda akarudi mikononi mwake. Isitoshe, siku ile ametoka salama, na furaha ya kutoka salama hufunika mengi. Akishafika kwake, akaoga, akasimulia mara mbili tatu kwa mama mkwe na majirani, ndipo yaliyompata yanapata majina.

Kwa hiyo anza na namna ya kuuliza. Anayeuliza asiwe amevaa sare, wala asiwe mtu wa kituo chako. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka kijiji cha mbali anafaa, mwalimu mstaafu anafaa, mjumbe wa kamati ya kituo kingine asiyejulikana eneo hilo anafaa zaidi. Aende nyumbani, wiki mbili hadi nne baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Simu ni bora kuliko getini, ila kumbuka kwamba katika nyumba nyingi simu ni ya baba, na mama akiulizwa mbele ya baba atajibu majibu ya baba.

Halafu usiulize "umeridhika?" Swali hilo linamtaka mzee wa watu atoe hukumu juu yako, na malezi yake yanamfundisha kumsifu mwenyeji. Muulize yaliyotokea. Ulifika saa ngapi, ukamwona daktari saa ngapi? Nani alikuambia jina la ugonjwa wako? Dawa zipi ulikosa ukaenda kununua nje? Kuna pesa uliyotoa ukakosa risiti? Ulipovuliwa nguo, nani mwingine alikuwa chumbani? Usiku ulipoita, alikuja nani, baada ya muda gani? Hapo humwombi amseme mtu, unamwomba asimulie, na kusimulia hakumtishi. Watu 30 walioulizwa hivi watakufundisha zaidi ya tiki 500.

Njia ya mgonjwa

Kabla ya kusoma majibu, mtume mtu wako asiyefahamika kituoni, Jumatatu, apite kama mgonjwa wa nje na kuandika saa kila anapoinuka na kila anapokaa. Jumatatu kwa sababu ndiyo siku ya aliyezidiwa tangu Jumamosi.

Mara nyingi utakuta kila dirisha, likitazamwa peke yake, linafanya kazi yake vizuri tu. Mapokezi wanafungua faili upesi, daktari anatumia dakika zinazostahili, maabara wanatoa majibu kwa wakati. Adha inakaa kati ya dirisha na dirisha, mahali ambapo hakuna mtumishi anayewajibika. Mgonjwa amefika saa 12 asubuhi, amefungua faili, amelipa, amemwona daktari saa 4. Ametumwa maabara, amelipa tena kwa foleni nyingine, ametoa damu, amesubiri majibu. Saa 7 mchana anaambiwa ayarudishe kwa daktari, na anapofika mlangoni anakuta foleni ile ile ya asubuhi, safari hii yeye akiwa nyuma ya watu waliofika baada yake. Ukitafuta chanzo kimoja cha hasira katika hospitali zetu za wilaya, anzia kwenye foleni hii ya majibu. Dawa yake haina gharama. Kuanzia saa 5, daktari aite mmoja mpya na mmoja wa majibu kwa zamu. Karatasi za majibu zibebwe na mhudumu hadi chumbani kwa daktari, mgonjwa aitwe kwa jina. Na kama vipimo hulipiwa, kontroo namba itolewe pale pale alipo, asirudishwe mwanzo wa korido.

Kusubiri kwenyewe watu wetu wanakumudu. Wamesubiri basi, wamesubiri mvua. Wasichokimudu ni kusubiri bila kujua. Daktari akiitwa chumba cha upasuaji, muuguzi asimame mbele ya benchi na kusema kwa sauti: "Jamani, daktari ameitwa, kuna mama anatoka damu. Tunatarajia atarudi baada ya saa moja. Mwenye homa kali au mtoto anayetapika aje kwangu sasa hivi." Utashangaa watu watakavyomwombea yule mama. Wasipoambiwa, kila mmoja ataamini kwamba daktari anakunywa chai, na ataamini hivyo hata siku ambayo kweli anaokoa maisha ya mtu.

Neno moja kuhusu dirisha la wazee. Vituo vingi vina maandishi ukutani ya kumpisha mzee apate huduma kwanza, jambo jema. Lakini fuatilia mzee mmoja uone kipaumbele chake kinaishia wapi. Kikiishia mapokezi, halafu maabara akapangwa na vijana, na kwenye dirisha la dawa akasimama nusu saa kwa miguu yenye gauti, maandishi yale ni rangi tu.

Salamu na maelezo

Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa tiba waweza kutazamwa kwa njia tatu: vilivyopo (majengo, vifaa, watu), yanayotendeka, na matokeo yake. Wakubwa wetu hupenda la kwanza, kwa kuwa jengo hukatiwa utepe. Kuanzia mwaka 2015 vituo vya Tanzania vilipoanza kupewa nyota, sifuri hadi tano, na vingi vikaambulia sifuri au moja, kila mfawidhi alikimbilia kupaka rangi. Mgonjwa yeye anapima zaidi la pili. Hawezi kujua kama mshono wa ndani umeshonwa sawasawa. Anajua kama aliyemshona alimsalimia.

Kwetu salamu ina uzito wake. Binti wa miaka 24 anayemwambia mzee wa miaka 70 "wewe, sogea huku" amemjeruhi mbele ya wajukuu zake, na hakuna antibayotiki itakayoliponya hilo. Shikamoo haichelewishi foleni. Weka kanuni, na uisimamie: mgonjwa mzima anaitwa kwa jina lake na heshima yake, mzee fulani, mama fulani, kaka, dada. Asiitwe "kitanda namba saba", wala "yule wa kifua kikuu" huku wodi nzima ikisikia. Anza na mlinzi wa geti, ambaye kwa kawaida ameajiriwa na kampuni na hajawahi kuitwa kwenye semina yoyote ya huduma kwa mteja. Yeye ndiye sauti ya kwanza ya hospitali yako. Usiku, kwa mtu aliyebeba mtoto mwenye degedege, yeye ndiye hospitali.

Baada ya salamu ni maelezo, na hapa ndipo huduma inaporidhisha na kutibu kwa pamoja. Fikiria mgonjwa wa presha anayepewa vidonge vya mwezi mmoja, asiambiwe kwamba ni vya kila siku hata akijisikia mzima. Anavimaliza, anajisikia vizuri, anaacha. Anarudi kwa kiharusi, na ndugu wanasema hospitali ile haina dawa za kweli. Wafundishe watumishi wako wasimuulize mgonjwa "umeelewa?", maana kila mtu ataitikia. Wamuulize: "Mama, ukifika nyumbani utamwelezaje mzee namna ya kuvitumia hivi?" Akikosea, aliyeeleza ndiye hakueleza vizuri, naye arudie. Na kama bibi anasikia Kimasai tu au Kisukuma tu, mtafute mtumishi anayekijua. Mjukuu wa miaka 12 asitumwe kutafsiri mambo ya uzazi ya bibi yake.

Faragha nayo ni pazia tu, mita chache za kitambaa. Vyumba vingi vya daktari vina meza mbili, na mgonjwa wa meza hii anasikia ugonjwa wa zinaa wa jirani yake wa meza ile. Huwezi kujenga chumba kesho asubuhi, lakini kesho asubuhi unaweza kutundika pazia na kupunguza sauti.

Ndugu wa mgonjwa

Katika hospitali zetu aliyelazwa hayuko peke yake. Yuko dada anayeleta uji saa 12 asubuhi, anafua, anageuza mwili, anakimbizana na damu ya kuchangia. Ndugu huyu ndiye atakayesimulia hospitali yako kijijini, na wakati mwingine mgonjwa mwenyewe hakumbuki chochote. Mpe kadi moja ya kudumu ya kuingilia nje ya saa za kutazama wagonjwa, mwonyeshe choo na bomba, mwambie raundi ya daktari inapita saa ngapi na asogee karibu asikie. Ukimfukuza wakati wa raundi halafu ukamwita baadaye kumtuma dawa, umemgeuza tarishi.

Pesa

Watu hawakasirikii bei kama wanavyokasirikia kushtukizwa. Sera inasema mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo wanatibiwa bure. Redio imetangaza, mkutano wa kijiji umetangaza. Kisha mama anafika na kuambiwa alete glovu, pamba na uzi. Hajui kama Bohari ya Dawa haijaleta, kama kituo kinadaiwa, au kama nesi anauza vya serikali. Katika mambo hayo matatu, ataamini la mwisho.

Fanya hivi. Kila Jumatatu bandika ukutani, kwa herufi kubwa, dawa na vifaa ambavyo havipo wiki hii, na tarehe vinapotarajiwa kama unaijua. Bandika karibu na mlango wa kuingilia, ili mtu aamue mapema kama aendelee au aende kwingine. Habari hiyo ikimfikia kwenye dirisha la dawa, saa tisa alasiri, ni tusi. Daktari apate nakala ya orodha hiyo, ili asiandike dawa isiyopo wakati mbadala wake upo rafuni. Mwenye kadi ya bima aambiwe kabla ya kipimo, siyo baada yake, kama kipimo hicho hakimo kwenye kitita chake. Jina na chumba cha afisa ustawi wa jamii viandikwe pale pale kwenye bei, maana asiye na uwezo mara nyingi hajui kwamba kuna mtu aliyeajiriwa kumsikiliza. Na hakuna malipo ya mkononi. Palipo na risiti uvumi hupungua wenyewe.

Siku ya ruhusa

Mwaka 1996 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na daktari Donald Redelmeier walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wakiingiziwa kamera kwenye utumbo mpana. Walikuwa wakieleza maumivu yao dakika baada ya dakika wakati kipimo kikiendelea. Baadaye, walipoulizwa kwa ujumla kiliuma kiasi gani, kumbukumbu zao zilifuata mambo mawili: maumivu makali kuliko yote, na maumivu ya dakika za mwisho. Urefu wa kipimo haukuwa na uzito mkubwa.

Sasa tazama dakika za mwisho za mgonjwa wako. Raundi imepita saa 3 asubuhi, daktari amesema "ruhusa". Ndugu wameita bajaji. Saa 5 faili liko kwenye meza ya muuguzi, saa 7 liko kwa mhasibu, saa 9 mhasibu ametoka, saa 10 imeonekana dawa moja haikuingizwa kwenye bili. Siku tano za tiba nzuri zinamalizikia kwenye benchi nje ya dirisha la malipo, na saa 11 mlinzi wa geti anadai karatasi ya kutokea. Hicho ndicho kitakachosimuliwa. Bili iandaliwe kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, na jioni ya kabla ya ruhusa ndugu aonyeshwe imefikia wapi. Karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi mgonjwa apewe na muuguzi akiwa ameketi naye kitandani, pamoja na dalili za hatari za kumrudisha upesi. Dakika tano hizo zipangiwe mtu kwa jina kwenye zamu, la sivyo hazitakuwepo.

Kuridhika kusikokufaa

Hapa ndipo watunga miongozo wengi hunyamaza. Mgonjwa anaweza kuridhika kabisa na tiba mbaya. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa zaidi ya watu 50,000, wakakuta kwamba walioridhika zaidi na madaktari wao ndio waliolazwa zaidi, waliotumia dawa za gharama kubwa zaidi, na vifo vyao vilikuwa vingi zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kuridhika ndiko kulikowaua. Unatosha kukuonya usiifanye alama ya kuridhika kuwa mungu wa kituo.

Kwetu mfano uko karibu. Mtu ana homa, kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha hana, naye anasema, "Malaria yangu naijua mwenyewe." Ukimpa dawa ya malaria, ataondoka ameridhika. Ukimtundikia dripu isiyohitajika, atakusifu hadi stendi. Duka la dawa mtaani linajua hilo, nalo limejenga jina kwa sindano. Usishindane nalo kwa njia yake. Asichotaka mgonjwa ni kuondoka mikono mitupu, naye ana haki. Mpe jina la kinachodhaniwa kumsumbua, mwonyeshe kipimo chenyewe na mstari mmoja uliotokea, mwambie homa itakaa siku ngapi, mpe panado na siku ya kurudi ikiwa haijashuka. Anayeondoka na maelezo na tarehe hajaondoka mikono mitupu. Wengine bado watanuna, na kununa huko usikuhesabu kuwa kosa la mtumishi wako. Mlinde hadharani, hasa akiwa kijana anayeanza kazi.

Watumishi wanaohudumia

Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40 usiku hatatabasamu kwa kuamriwa. Na mfawidhi anayewafokea wauguzi mbele ya wagonjwa amewafundisha wauguzi namna ya kusema na wagonjwa. Mkoani Tanga huko huko ulifanyika mradi ulioitwa Staha, kwa ajili ya wodi za uzazi. Wanajamii na watumishi waliketi pamoja wakaandika mkataba wa huduma, kila upande ukaahidi mambo yake, kisha wodi ikarekebisha yaliyowezekana, kama mapazia na kutangaza vifaa vilivyoisha. Ikilinganishwa na hospitali nyingine isiyokuwa na mpango huo, uwezekano wa mama kudhalilishwa ulishuka kwa takriban theluthi mbili. Naona maana ya ule mkutano wa kwanza: wauguzi nao walisikilizwa. Ukitaka kuiga, usinakili mkataba wa kwingine ukautundika kwenye fremu. Waite, pangeni chai ya zamu ya usiku kwanza, halafu mzungumzie lugha.

Kuhusu sanduku la maoni: lisikae mapokezi mbele ya macho ya watumishi, na ufunguo usiwe mfukoni mwako. Uwe kwa mjumbe wa kamati, lifunguliwe siku inayojulikana, na majibu yabandikwe ukutani, pamoja na yale ya "hili hatuwezi mwaka huu kwa sababu hii". Sanduku lisilojibiwa miezi miwili hujazwa maganda ya pipi.

Mwisho, wapo watu ambao dodoso lako halitawafikia kamwe, kwa kuwa hawaji. Katika wilaya ya Kasulu, Kigoma, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba kati ya wanawake wa vijijini waliojifungulia kwenye vituo, zaidi ya 40 kati ya 100 walikiruka kituo cha karibu na kwenda cha mbali, kwa gharama zao. Wako unaweza kuwapata. Mwombe mfawidhi wa hospitali ya wilaya akuruhusu kupitia rejesta ya uzazi ya miezi mitatu iliyopita, na uhesabu waliotoka vijiji vyako bila barua ya rufaa. Kisha mtume yule mwalimu mstaafu aende akawaulize kina mama hao walilipa nauli kiasi gani kukukwepa, na kwa sababu gani.